Mashine Mbili na Sauti ya Weldon

Mwezi uliopita tulimuaga Ouma katika ukumbi wa kiwanda cha majani chai alikofanya kazi tangu ujana wake. Alikuwa anastaafu na kurudi kwao upande wa ziwa. Mwalimu Weldon ndiye aliyepewa kipaza sauti aseme machache kwa niaba ya marafiki wa nje ya kiwanda, na alipofungua mdomo, kijana mmoja wa ofisi aliyeketi nyuma yangu akamnong'onezea mwenzake, "Huyu mwalimu ako na sauti ya redio. Skia vile inatoka chini." Mwenzake akasema, "Hiyo ni ya kutangaza vifo." Wakacheka wakiziba midomo. Ouma aliniangalia kutoka meza ya mbele, nami nikamwangalia, tukaacha hapo hapo. Wachache sana mle ukumbini walijua kwamba Weldon aliwahi kuwa na sauti nyingine. Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi kwenye mwaka ule kichwani, nikiwa naosha vyombo, nikiwa kazini, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya benki. Nikianza kufikiria jambo huwa siliachi. Ndivyo nilivyokuwa wakati ule pia, na zaidi.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya takwimu, nimerudi kwetu nje kidogo ya Kapkatet, na kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani nilitazama simu kuona kama kuna aliyejibu maombi yangu ya kazi. Kama hakuna, nilianza kujiuliza kama niliandika namba ya simu vibaya. Kama kuna ujumbe, niliogopa kuufungua. Sikuwa mtu wa kuamua mambo. Hata kununua sabuni nilisimama dukani nikisoma pakiti hii na ile hadi mama mwenye duka aliponiuliza, "Cherono, unaogea ama unafanyia mtihani?" Labda ndiyo sababu mwaka ule nilijikuta na mashine mbili za gitaa wakati wenzangu wote walikuwa wakihangaika kupata moja.

Mashine hizi ni visanduku vinavyokaa chini, kati ya gitaa na spika. Waya wa gitaa unaingia upande mmoja, na ndani sauti inaongezwa mwangwi, inakwaruzwa, inatetemeshwa, kulingana na swichi uliyoikanyaga. Zamani kila efekti ilikuwa na pedali yake. Siku hizi zote zimewekwa ndani ya kisanduku kimoja. Yangu ya kwanza ilikuwa ya kijivu, ndogo kama mkate, yenye kioo cha kugusa kama simu. Binamu yangu aliniachia alipokwenda ng'ambo. Ya pili ilikuwa nyeusi, ya chuma, nzito, mali ya kanisa letu. Mpiga gitaa wa kwaya alikuwa amehamishwa kikazi, na mchungaji akaniambia niitumie hadi watakapompata mwingine. Ningeweza kushukuru tu. Badala yake nilianza kuzilinganisha.

Kundi letu lilikuwa la watu watatu. Weldon, mwalimu wa shule ya msingi, aliimba. Ouma alipiga besi. Mimi, msichana, nilipiga gitaa la solo, jambo lililowafanya watu kuuliza kwanza mwenye gitaa yuko wapi, huku nikiwa nimelivaa begani. Tulicheza zaidi kwenye koito, siku ambayo watu wa mvulana huenda kwa kina msichana kuzungumza mahari na kunywa mursik, maziwa yetu ya mgando. Wazee hukaa ndani wakijadiliana, nasi tunakaa chini ya hema nje, tukiwachezesha akina mama. Ouma, Mjaluo pekee kati yetu, alipenda kutuchokoza. "Nyinyi Wakipsigis mlichukua hii gitaa kwetu mkaipeleka mbio," alisema. "Inakimbia kama ng'ombe imeona nyasi kwa jirani." Weldon naye: "Na nyinyi mnaimba wimbo moja mpaka chai inapoa, mnachemsha ingine, na bado hamjafika kwa chorus." Sauti ya Weldon ilikuwa ya juu, nyembamba bila kuwa kali. Katika kila wimbo kulikuwa na mahali ambapo ilipanda, ikakaa huko juu kidogo, na akina mama wakaacha kupiga makofi ili waisikie ikishuka.

Mazoezi tulifanya kwa Ouma, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda. Chumba cha mbele kilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo, na picha ya harusi iliyoning'inizwa juu sana, karibu na dari. Jumapili moja mchana, mwezi wa tano, tulikuwa tunakula hapo ugali na omena wa nyanya. Mama Atieno, mke wa Ouma, alikuwa ameweka mezani pia chupa ya mursik niliyotoka nayo kwetu, ingawa yeye mwenyewe hakuigusa. "Hiyo maziwa yenu ya makaa," alisema, "mimi nitakunywa siku nitakuwa mgonjwa na dawa zimekataa." Weldon alicheka, akaweka kijiko chini, akafungua skafu aliyokuwa akiivaa shingoni tangu Machi. Kwa baridi ya kwetu hakuna aliyeishangaa ile skafu. Chini yake koo lilikuwa limevimba upande mmoja, kama mtu aliyemeza kitu kikakataa kupita.

"Ni goita," alisema. "Wanataka kuitoa shule ikifungwa mwezi wa nane. Sio mbaya, wameipima. Lakini kuna mshipa ya sauti inapita hapo karibu. Daktari anasema wataichunga, lakini sauti inaweza badilika. Ama isibadilike. Alisema hivyo tu, pole pole, kama mtu anaongea juu ya mvua."

Mama Atieno alimwongezea mboga bila kumuuliza.

"Cherono," Weldon akaniambia, "wewe si uko na hizo mashine. Nataka hii sauti ikae mahali kabla niende. Zile nyimbo zetu, vile tunaimba. Sitaki studio. Nilienda moja huko Kericho wakaniwekea ngoma za kompyuta, nikatoka nikiwa kama tangazo ya mbegu."

"Utapona na utaimba," Ouma alisema.

"Nikipona nikaimba, tutazifuta," Weldon akasema. "Hakuna kesi."

Nilikubali haraka, halafu nikaanza kuogopa. Kutoka siku hiyo mashine zile mbili hazikuwa tena kitu cha kuchezea. Kama ningechagua vibaya, hakungekuwa na kurudia, kwa sababu mtu wa kurudia naye huenda asiwepo. Weldon angekuwepo, lakini yule wa sauti ile asiwepo. Nilikaa chumbani kwangu na hedifoni masikioni, nikihamisha waya kutoka ya kijivu kwenda nyeusi, kutoka nyeusi kurudi ya kijivu, huku mama akipita mlangoni na ndoo ya maziwa akisema, "Wewe bado unachomoa na kuchomeka? Hiyo stima itakuchoka."

Ya kijivu, kwa kurekodi, ilikuwa karibu na muujiza. Uliiunganisha na laptopu kwa waya mmoja tu, na gitaa likaingia likiwa tayari limevikwa sauti ya spika ambayo haikuwepo, spika ya kuigiza, kana kwamba ulikuwa umeweka maikrofoni mbele ya amplifaya kubwa katika chumba kizuri. Huku kwetu jambo hilo si dogo. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, na ikianza kupiga mabati, watu ndani ya nyumba huacha kuzungumza wakangoja. Mimi nilirekodi gitaa katikati ya mvua hiyo, nikiona miti nje ikiinama, na nikisikiliza baadaye hapakuwa na tone hata moja. Ile nyeusi haikuweza hayo. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye laptopu ilitoa mlio wa nyuki waliofungiwa ndani ya kopo; ilitaka amplifaya, na amplifaya ilitaka maikrofoni, na maikrofoni ilisikia mvua yote.

Lakini nje ya chumba mambo yaligeuka. Mwezi wa sita tulicheza koito moja kwenye kilima upande wa Bomet, siku ya matope, na nikachukua ya kijivu kwa sababu nilikuwa nimeizoea. Sote tulikuwa na gambuti. Swichi zake zilikuwa zimekaribiana, kama zilitengenezewa watu wanaocheza wakiwa na soksi kwenye zulia. Nilipotaka kuongeza mwangwi, gambuti ilikanyaga mbili kwa pamoja, na gitaa likanyamaza kabisa, kwa kuwa swichi hizo mbili zikikanyagwa pamoja ndiyo njia ya kuifungia sauti ili urekebishe nyuzi. Niliinama kugusa kioo. Vidole vilikuwa na maji, kioo kikakataa kunitambua. Halafu jenereta ikakohoa, mashine ikazimika, na ikaanza kuwaka upya taratibu, ikionyesha jina lake kwa madaha. Akina mama waliendelea kuimba bila mimi. Mmoja alicheza hadi mbele yangu, akaniinamia akiwa anacheza, akasema, "Msichana, hiyo redio yako imeisha betri?" Ile nyeusi, ambayo niliibeba kwenye koito iliyofuata, ilitumia betri, iliwaka papo hapo, na ungeweza kuikanyaga kwa kwato. Haikuwa na sauti nyingi. Ilikuwa na tatu nzuri, na vitufe unavyoviona.

Basi jibu lilikuwa wazi: moja ya nyumbani, moja ya nje. Mtu mwingine angeishia hapo akaenda kunywa chai. Mimi niliona tatizo ambalo lilinikosesha raha kwa wiki kadhaa. Ili kutumia ya kijivu kurekodi, ilibidi nirekodi gitaa na besi kwanza, kisha Weldon aimbe baadaye akivisikiliza kwenye hedifoni, sauti yake peke yake kwenye maikrofoni. Tulijaribu Jumamosi moja asubuhi, mapema, kabla ya mvua. Alisimama katikati ya chumba cha Ouma, tumeziba dirisha kwa blanketi, hedifoni zimembana masikio, akaimba wimbo wa kwanza. Kila noti ilikuwa mahali pake. Ilikuwa kama anaita rejista darasani. Kule juu alikozoea kupanda alipanda, na hakukuwa na kitu.

Kwa kuwa gitaa lilikuwa masikioni mwake tu, kilichosikika chumbani ni mtu anayeimba, ananyamaza, anaimba tena. Ukuta wa nyumba zile ni mwembamba. Katika kimya kimoja tuliwasikia wanawake wawili upande wa pili.

"Huyo mwalimu anaimba peke yake nini?"

"Sijui. Ata gitaa ya yule msichana sisikii. Labda wamekosana."

"Ama ni maombi."

"Maombi gani ya kunyamaza nyamaza. Huyo ameachwa na bibi."

Weldon alivua hedifoni ili acheke vizuri, kisha akakaa kwenye kochi na hakuzivaa tena siku hiyo. "Siwezi," alisema. "Ni kama kuongea na mtu kwa simu na ako hapa tu kwa hii nyumba." Ouma alipendekeza tutumie ile nyeusi, amplifaya iwe chumbani, tuimbe sote pamoja kama kwenye hema na kurekodi kila kitu kwa mara moja. Tulifanya hivyo pia, Jumamosi nyingine, na Weldon alikuwa yeye mwenyewe, mtu angelia. Lakini nilipofungua ile rekodi nyumbani gitaa lilikuwa limeingia kwenye maikrofoni yake, likamlalia juu, na besi ya Ouma ikayatetemesha mabati kama lori linapita. Sauti niliyoombwa kuihifadhi ilikuwa ndani humo, lakini hungeweza kuitoa, sawa na kutoa maziwa kwenye chai. Nilimpigia Weldon kumweleza. Alisikiliza, akasema, "Sasa wewe unataka gani?" Nilimwambia bado nafikiria. Akasema, "Cherono, mimi ndio niko na shingo."

Julai ilikuwa inaisha. Nilikuwa nimeitwa usaili wa kazi Nakuru na sikuweza kukumbuka nilichojibu kwa sababu njia nzima nilikuwa nikifikiria maikrofoni. Nilipima kila njia. Nilibadili urefu wa mwangwi wa gitaa kwenye hedifoni zake, nikaliweka mbali, nikaliweka karibu, nikampa ya kwaruzo kidogo kama ya kwenye hema. Aliimba vile vile, sahihi na bila uhai. Mwishowe, asubuhi moja, alisimama katikati ya ubeti, akaniangalia nilivyoketi nyuma ya laptopu na mikono magotini, akasema, "Wewe, chukua gitaa."

"Gitaa limesharekodiwa," nilimwambia. "Nikipiga tena litaingia kwa maikrofoni."

"Sijasema upige. Shika tu. Kaa hapo mbele yangu."

Mama Atieno alileta kitambaa cha jikoni, nikakifunga kwenye nyuzi ili zisitoe sauti. Nikaketi mbele ya Weldon kwenye kigoda, nikasikiliza lile lile gitaa langu kwenye sikio moja la hedifoni nyingine, na nikapitisha mikono kwenye nyuzi bubu, kila mahali nilipopiga siku ya mvua. Hapo ndipo nilipojua, baada ya miaka mitatu ya kucheza naye, tangu likizo za chuo, kwamba Weldon hakuwa akinisikiliza sana. Alikuwa akiangalia mkono wangu wa kushoto. Ulipoanza kusogea kwenda chini kwenye shingo ya gitaa, kwenye noti za juu, alivuta pumzi. Ulipofika, alikuwa tayari yuko juu. Macho yake hayakutoka kwenye vidole vyangu. Sauti ilipanda ikakaa pale, na Mama Atieno, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria, hakuiweka chini hadi iliposhuka. Tuliimaliza kazi Jumamosi tatu. Sauti ilikuwa safi, peke yake kwenye mstari wake, bila gitaa, bila mvua, bila majirani.

Operesheni ilifanyika, jeraha likapona vizuri. Kwa muda mrefu alinong'ona tu, kama alivyoambiwa. Mwezi wa kumi nilikwenda kumwona nyumbani kwake na nikamsikia akimwita mbwa. Nilidhani kuna mgeni nyuma ya nyumba, mzee fulani. Alitokea, akaniona nilivyokuwa nimesimama, akasema, "Ndio hii sasa," kwa sauti hiyo hiyo ya mzee, na tukazungumza juu ya bei ya maziwa. Nilipofika nyumbani nilijua mambo mengi ambayo ningemwambia. Nilikuwa nimemaliza kuzichanganya nyimbo zote. Gitaa lilisikika vizuri kuliko lilivyowahi kusikika, nilikuwa nimelishughulikia miezi. Nilimtumia. Baada ya siku chache alinipigia.

"Ni poa," alisema. "Sasa toa gitaa."

"Nipunguze?"

"Toa yote. Na besi. Uniachie yule jamaa peke yake."

Nilizima mstari wa gitaa, nikazima wa besi, nikamtumia. Siku zikapita. Nilijiuliza kama anaisikiliza akilia, kama ameifuta, kama nimemfanyia jambo baya au zuri, na nilimuuliza Ouma hadi akaniambia, "Nyathina, mtoto wangu, mpe mtu nafasi. Ata wewe ukinyolewa unahitaji wiki moja." Novemba, Weldon alikuja kwetu mwenyewe, akaketi jikoni, mama akampa chai, na akanieleza alichokuwa akifanya. Kila siku baada ya shule aliiweka ile sauti kwenye simu na kuimba chini yake, sauti ya pili, hadi akajua mahali pa kukaa. Familia ilikuwa imepanga ibada ya shukrani kanisani. Alitaka niiweke ile sauti ndani ya mashine ya kijivu, ambayo iliweza kuhifadhi kipande na kukitoa ukiikanyaga, na aimbe nayo mbele ya watu.

Siku hiyo nilibadili gambuti mlangoni mwa kanisa nikavaa viatu vyembamba, nikajaribu swichi zote kabla watu hawajaingia, nikazijaribu tena. Weldon alisimama mbele, akaniitikia kwa kichwa, nikakanyaga. Sauti ya zamani ikatoka kwenye spika za kanisa, nyembamba, ya juu, na watu wakageuka kumtafuta aliyekuwa akiimba. Mama yake Weldon, kwenye benchi la kwanza, hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha Weldon akaingia chini yake. Nilipiga gitaa katikati yao, kidogo tu, na kwa ubeti mzima walikwenda pamoja, mmoja juu na mmoja chini, na nikaona watu wakielewa mmoja mmoja.

Kwenye ubeti wa pili aliinua kiganja. Hatukuwa tumekubaliana hivyo. Kiganja kilikuwa kinaniambia simama. Mimi, ambaye mwaka mzima sikuweza kuchagua kati ya visanduku viwili, nilikanyaga bila kufikiria, na yule wa juu akakatika katikati ya neno. Weldon akaendelea peke yake. Ilikuwa sauti ya udongo, ina mikwaruzo, haina uhakika. Alipofika mahali pa kupanda, hakupanda. Alishuka. Na akina mama waliouimba wimbo huo kwenye koito nyingi, ambao walijua pale panapandwa, wakapanda wao, kutoka kwenye mabenchi, bila kuambiwa na mtu, wakamwacha chini amebeba wimbo.

Baada ya ibada tulikunywa chai nje, kwenye meza zilizowekwa uani, Weldon akiwa amezungukwa na watu wanaomshika mkono. Alipopata nafasi alinisogelea na kikombe chake.

"Huyo kijana anaimba vizuri," aliniambia, "lakini anakimbia sana. Ananichokesha. Siku nyingine usimlete."

"Sawa, mwalimu."

"Tuko na koito Sotik Jumamosi ijayo. Nyimbo zote tunashusha. Utazoea?"

"Nitajaribu."

"Beba gitaa, ubebe na mashine."

"Ipi?" nikamuuliza.